Laptopu tisa za shule zimekataa kuwaka, na mtoto mmoja anadaiwa

Mama Fundi,

Salamu nyingi kutoka Kayole. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya umma, na tangu mwaka juzi nimekabidhiwa chumba cha kompyuta pia. Nilichaguliwa kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa na laptopu yangu. Ujuzi wangu unaishia hapo.

Tuna laptopu 24 tulizopewa na wafadhili. Zote zilishatumika ng'ambo kabla ya kutufikia, na si za aina moja. Tulipofunga kwa likizo ya Desemba nilizipanga kwenye kabati la chuma, chaja zote nikazitia kwenye katoni, nikapiga kufuli. Hilo kabati lina ekstensheni mbili, moja imechomekwa kwenye nyingine, halafu zote zinategemea soketi moja ya ukutani. Tulipofungua Januari, nane hazikuwaka. Kuna zisizoonyesha hata taa. Kuna zinazoonyesha taa lakini ukibonyeza kitufe hakuna kitu. Moja inanguruma kidogo, feni inasikika, lakini skrini ni nyeusi tii.

Ya tisa ni namba 14. Hiyo ilizimika wiki ya pili ya muhula mikononi mwa mvulana wa Gredi ya 8, akiwa anachapa kazi yake. Mwenzake alipita nyuma ya kiti, mguu ukanasa waya wa chaja, na tangu hapo haijawaka.

Mwalimu mkuu alileta fundi kutoka mjini. Alizitazama kwa dakika kama ishirini, hakufungua hata moja, akasema madabodi, yaani bodi kuu za ndani, zimeungua zote na kila moja ni shilingi 8,000. Jumla 72,000. Shule haina. Sasa imeamuliwa nane ziuzwe skrapu, na mama ya yule mvulana alipe 8,000 za namba 14. Mama anauza mboga karibu na stejini. Alipoitwa ofisini alikuja bado amefunga aproni, mikono ina rangi ya sukumawiki. Mtoto hajaja shule tangu Jumatatu.

Sitaki kumvunjia mwalimu mkuu heshima, amenilea kikazi. Lakini roho yangu haijatulia. Kuna ninachoweza kufanya mwenyewe bila kuzifungua? Na nimwambie nini?

Mwalimu, Kayole

*

Mwalimu,

Kabla hatujagusa waya wowote, mtoto arudi darasani. Mpigie mama yake leo, umwambie hakuna aliyethibitisha kosa la mtu. Ni kweli tupu. Fundi aliyepitia mashine tisa kwa dakika ishirini bila kulegeza skrubu moja hajui kilichozizima. Madabodi huungua, sikatai. Lakini huwezi kuijua madabodi iliyoungua kwa kutazama kifuniko.

Tufikiri pamoja. Watoto nane wa darasa moja wakishikwa na tumbo alasiri moja, hatuanzi kwa kuwapeleka upasuaji mmoja mmoja. Tunaenda jikoni kuchungulia sufuria. Laptopu nane zilizolala pamoja zina kitu zilichokula pamoja, na katika barua yako naona vitatu: likizo, katoni na ekstensheni. Namba 14 ina habari yake, nitaifikia.

Likizo kwanza. Betri za laptopu ni za lithiamu, na hata mashine ikiwa imezimwa betri inaendelea kupungua kidogo kidogo. Ukiifungia na chaji chache mwisho wa mwaka, Januari utaikuta imekauka. Kila seli ndani ya betri ikijaa huwa na volti 4.2 hivi. Ikishuka sana, chini ya volti 3, sakiti ya ulinzi iliyo ndani ya betri hufunga njia ili seli zisiharibike. Betri ya namna hiyo haiamki papo hapo ukiichomeka. Inalishwa kwa umeme mdogo mno mwanzoni, na katika muda huo mashine inaweza kukaa kimya kabisa, hata taa isionekane. Nimewaona walimu wengi wakichomeka, wakingoja dakika mbili, wakibonyeza kitufe mara kumi, kisha wakiandika "imekufa". Ipe saa nzima bila kuigusa. Ikikataa, iongezee mbili. Kuna ambazo betri zake hazitaamka tena, lakini betri kufa si mashine kufa. Nyingi hufanya kazi kwa chaja peke yake, na darasani mnakaa karibu na soketi hata hivyo.

Lakini kabla ya kuzichomeka, weka kila moja juu ya meza tambarare uitazame kwa upande, macho yakiwa usawa wa meza. Ikiwa inayumba, au ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole imenyanyuka, au kifuniko hakikutani na mwili, betri imevimba. Hiyo usiichomeke kamwe. Usijaribu kuibonyeza irudi, usiitoboe, wala usiiache mahali mtoto anaweza kuichokoa. Itenge mbali na vitabu na pazia, na itolewe na fundi anayejua kazi. Betri yenyewe ipelekwe kwa watu wanaopokea taka za elektroniki, na hapa Nairobi tunao, WEEE Centre ni mojawapo. Hili ndilo linanifanya niogope neno "skrapu" katika barua yako. Mashine ikiuzwa kwa kilo, betri inaenda nayo, na mwisho wake ni kijana fulani aliyechutama kwenye vumbi akiipasua kwa patasi. Na kazi za wanafunzi, majina yao na picha zao, zinaondoka humo humo.

Sasa katoni. Hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Laptopu za aina tofauti, chaja zote katika boksi moja, halafu Januari kila mtu akachukua iliyokuja mkononi. Geuza kila chaja usome maandishi madogo mgongoni, mstari wa OUTPUT. Volti zilizoandikwa hapo lazima zilingane na zile zilizo chini ya laptopu. Kwa kawaida utakuta 19, 19.5 au 20. Ampea ziwe sawa au zaidi, zikipungua ni shida. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 inaweza kuwasha kile kitaa, ukafurahi, kumbe haina nguvu ya kuiamsha mashine yenye betri tupu. Kuna Dell na HP ambazo kichwa cha chaja kina pini nyembamba katikati. Hiyo pini ndiyo inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi, na ikipinda au ikikatika, mashine inaweza kukataa kuchaji betri ingawa umeme umefika. Iangalie kwa tochi ya simu.

Na kama mna laptopu za Type-C, yaani zinazochajiwa kwa tundu dogo kama la simu, chunguza kama kuna mtu amezichomeka chaja ya simu. Inaingia vizuri kabisa, na ndiyo maana inadanganya. Chaja ya simu ya kawaida inatoa volti 5. Laptopu hizo nyingi zinaomba 20.

Utajuaje chaja mbovu na laptopu mbovu? Tafuta shahidi. Kati ya zile 15 zinazowaka, chagua moja pamoja na chaja yake, uziwekee alama ya tepu nyekundu. Chaja shahidi ichomeke kwenye kila laptopu iliyolala ya aina ile ile. Kisha geuza: chaja ya mgonjwa ichomeke kwenye laptopu shahidi, mradi volti zinalingana na chaja hainuki kuungua. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila unachokiona kiandike hapo hapo. Ukibadilisha chaja na soketi kwa pamoja, mashine ikiwaka hutajua imeponywa na nini.

Usisahau fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndogo ndani, na ile ya waya wa laptopu mara nyingi ni ya ampea 3 au 5. Stima ikipotea kisha irudi kwa kishindo, fyuzi inaweza kwenda na chaja ikaonekana imekufa. Chomoa plagi ukutani, itoe fyuzi, weka nyingine ya ampea zile zile. Barabara ya Luthuli mjini zimejaa, na bei yake haizidi ya maandazi machache. Kuna watu huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme upite. Mwalimu, nakusihi, katika chumba chenye watoto usikubali jambo hilo hata kwa siku moja. Tazama pia pale waya unapoingia kwenye boksi la chaja. Kile kichwa chenye matundu matatu hulegea kikikunjwa kunjwa kwenye katoni. Kisukume mpaka kizame.

Ekstensheni nitazieleza kwa hesabu, kwa kuwa wewe ni wa Hisabati. Chaja 24 za wati 65 ni wati 1,560. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,120. Mko kwenye nusu tu. Kwa hiyo si kwamba mmezidisha mzigo. Tatizo liko kwenye maungio: ekstensheni ya bei rahisi ina vyuma vyembamba ndani vinavyolegea, na ukiichomeka juu ya nyingine umeongeza ungio la pili la kulegea. Wacha kabati lifanye kazi dakika kumi, kisha weka kiganja juu ya kila plagi. Inayochoma mkono ndiyo mbaya. Na zijaribu laptopu wagonjwa nje ya kabati kabisa, moja kwa moja ukutani, kwenye soketi ambayo umekwisha kuijaribu kwa chaja ya simu yako.

Nalisema hili kwa uchungu wangu. Nilisimamia maabara ya kompyuta ya shule moja huku Eastlands, na mwaka wangu wa kwanza niliandika mashine tano kuwa zimekufa. Zikabebwa na mnunuzi wa skrapu, nikatia sahihi. Wiki mbili baadaye ya sita ikagoma mezani pale pale, na safari hii nikabeba taa ya kusomea nikaichomeka kwenye soketi ile. Haikuwaka. Soketi ndiyo iliyokuwa imekufa, na ile ya sita iliwaka ilipopelekwa ukuta wa pili. Zile tano sikuziona tena. Watoto wa mwaka ule walitumia kompyuta moja watatu watatu mpaka Novemba.

Zilizoonyesha taa lakini zikakataa kuwaka, zifanyie hivi. Chomoa chaja, chomoa flashi na kila kilichochomekwa, na kama betri inatoka kwa kitasa toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde thelathini kamili, uhesabu. Halafu rudisha chaja peke yake, uwashe. Kuna chipu ndogo inayosimamia kuwasha na kuchaji, na yenyewe inaweza kuganda. Kukosa umeme kabisa kunaianzisha upya. ThinkPad nyingi, ambazo betri yake iko ndani, zina kitundu kidogo chini chenye alama pembeni. Ukiwa umechomoa chaja, ingiza ncha ya klipu ya karatasi, ubonyeze taratibu, ngoja dakika moja. Kwenye Chromebook nyingi, shikilia kitufe chenye mshale wa mviringo kisha ubonyeze cha kuwasha. Njia hii imeniamshia mashine nyingi kuliko bisibisi yangu.

Ile inayonguruma na skrini nyeusi inawezekana haijafa kabisa. Bonyeza Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzima, mashine iko macho, tatizo ni kuonyesha. Zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kwa karibu sana. Ukiona kivuli cha maandishi, ni mwanga wa nyuma wa skrini uliokufa. Iunganishe na projekta ya shule uone. Kama Caps Lock haijibu, huenda ni ramu, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, imelegea safarini. Hiyo fundi anaitoa, anaisafisha na kuirudisha kwa dakika chache, mbele ya macho yako.

Sasa namba 14. Mguu umenasa waya, mashine ikazima. Umeme wa chaja huingia kupitia tundu dogo ubavuni, na waya ukivutwa kwa nguvu ni kile kichwa cha chaja au hilo tundu linaloumia. Chomeka chaja shahidi uishikilie kwa wepesi, uisogeze juu, chini, upande. Taa ikiwaka na kuzima unaposogeza, umepata jibu: tundu limelegea. Isipojibu kabisa, mulika ndani. Watoto hutia vitu. Niliwahi kutoa kipande cha risasi ya penseli kilicholala kwenye tundu kama fimbo, kimeziba mlango. Tumia kijiti cha meno cha mti, mashine ikiwa imechomolewa na kuzimwa. Pini au sindano hapana. Vumbi la Kayole nalo unalijua, mswaki mkavu unatosha.

Tundu likiwa limeumia, lenyewe hubadilishwa. Katika mashine nyingi ni kipande kidogo chenye waya wake, katika nyingine limechomelewa kwa risasi kwenye madabodi na fundi mzuri anaweza kulichomoa na kuchomelea jipya. Kwa vyovyote, hilo si kununua madabodi, na bei yake haipaswi kufanana na ile ya kubadilisha madabodi.

Na hata ikithibitika kwamba tundu lilivunjika siku ile, bado mama mboga hadaiwi. Mtoto alikuwa ameketi anafanya kazi uliyompa. Waya ulipita mahali watu wanapopita kwa sababu sisi watu wazima tuliupitisha hapo. Mwenzake naye hakupiga teke, alipita. Hamisha meza zifike ukutani, waya zipite nyuma, na zisipofika mtumie betri wakati wa somo, mchaji wakati wa mapumziko.

Kwa mwalimu mkuu usiende na maoni, nenda na daftari na laptopu moja inayowaka uliyoitoa katika zile nane. Naamini utaipata. Mwambie: "Mwalimu, naomba dakika tano. Hii ilikuwa kwenye orodha ya skrapu." Iwashe mbele yake, unyamaze mpaka skrini itokee. Halafu mwonyeshe ukurasa: namba ya mashine, chaja gani, soketi gani, nini kilitokea. Mtu aliyekulea kikazi hatakosa kusoma daftari lako. Hapo ndipo umwombe asimamishe uuzaji na deni la yule mama. Zitakazobaki zimelala baada ya yote haya, pengine mbili au tatu, ziende kwa fundi aliye tayari kuweka mita yake ya kupimia umeme kwenye chaja na kwenye tundu mbele yenu, akuonyeshe namba, aandike gharama ya kila mashine peke yake kwenye karatasi.

Likizo ya Aprili, ziache na chaji karibu nusu, zizimwe kabisa na si kufungwa kifuniko tu, na kila chaja ifungwe kwa raba pamoja na laptopu yake, namba ile ile kwa wino usiofutika kwenye vyote viwili. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, omba ufunguo urudi mara moja kila mwezi kuziongezea.

Jumamosi ndiyo siku nzuri, chumba kina utulivu. Anza na namba 14. Yule kijana awepo, na yeye ndiye ashike daftari na kuandika. Kisha ukishafunga kabati, pitia pale stejini kwa mama yake umweleze mlichokiona, chochote kitakachokuwa.

Mama Fundi